Vipimo vya Saa Saba

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, nilidanganya kwa wiki nzima, na sababu yake ilikuwa salamu. Nilipojaribu kumweleza mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini, kwa hiyo siku hizi simwelezi mtu. Naandika tu.

Shule yetu iko upande wa Mkonze, pembezoni mwa mji, huku ambako viwanja vimeshapimwa ila nyumba nyingi ni misingi tu, na mbuzi wanapumzika ndani yake kama wenye hati. Si shule ya kujivunia sana. Lakini tuna mwalimu wa fizikia. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo hakuna cha kusimulia. Kulikuwa na shule tatu nyingine, zote mbali na mjini, ambazo hazikuwa na mwalimu wa somo hilo hata mmoja, na ukaja mradi wa kuziunganisha na sisi kwa mtandao, ili mwalimu wetu asimame mbele ya kamera Mkonze na wenzetu wamwone ukutani huko waliko.

Moja ya shule hizo ilikuwa Chemba. Na Chemba yuko mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Nasema mdogo, ila tumepishana miezi minne, na huniita dada pale tu anapotaka kitu au anapofurahi. Tulikuwa kidato kimoja. Yeye anaongea kwa niaba yetu sote wawili, toka tukiwa wadogo. Alitaka kusomea uuguzi na alikuwa amekwisha kuutangazia ukoo mzima, mpaka bibi yetu wa Kondoa akaanza kumweleza magonjwa yake. Lakini mkuu wa shule yao alikuwa amewaambia wazi: mwalimu wa fizikia asipopatikana kabla ya kujaza fomu za mtihani, fizikia inafutwa kwenye majina yao. Na bila fizikia, chuo alichokuwa anakitaka hakimpokei.

Mtaalamu wa mradi alikuja siku moja na gari jeupe lililogeuka jekundu kwa vumbi, akaingia darasani kwetu na kuchora ubaoni. Alikuwa kijana, anaongea haraka, na alikuwa na tabia ya kujibu maswali yake mwenyewe.

"Kuunganisha shule zilizo mbali tuna njia tatu. Ya kwanza mkongo, huu waya wa kioo unaozikwa chini. Mzuri? Mzuri kuliko yote. Umefika Chemba? Umefika barabarani. Kutoka barabarani mpaka shule kuna makorongo mawili na mwamba. Mtausubiri mpaka wajukuu." Akaufuta mkongo kwa kiganja. "Ya pili dishi. Linakaa juu ya bati, linaongea na setilaiti. Linaagizwa, linachukua miezi. Ya tatu laini ya simu, kikasha kama hiki, kinaongea na mnara. Nakifunga leo, kesho mnasoma."

Mwenzetu mmoja akauliza kama haiwezekani kila shule ichague yake.

"Haiwezekani. Shule zote nne, kitu kimoja. Kikiharibika, fundi awe na vipuri vya aina moja kwenye begi. Mkichanganya, kila siku fundi anakuja na kifaa cha shule nyingine."

Kwa hiyo ilibaki dishi au laini, na shule ya kujaribia ikawa yetu. Wiki ya kwanza dishi la kuazima, wiki ya pili kikasha cha laini. Kila siku kasi ya mtandao ipimwe mara mbili: saa moja na nusu asubuhi na saa saba mchana. Saa saba ndiyo ilikuwa ya maana, kwa sababu ndiyo saa pekee mwalimu wa fizikia alikuwa hana kipindi. Alilalamika kwamba ugali wake utapoa kwa ajili ya Chemba, halafu akakubali.

Kupima ni jambo dogo. Unafungua kompyuta, unabonyeza, mshale unacheza kama wa spidi ya gari, inatoka namba. Mwalimu wa kompyuta alitueleza: ikiwa tano au zaidi, sura ya mwalimu inaonekana vizuri na sauti inafika. Ikishuka chini ya mbili, mwalimu anaganda mdomo wazi. Halafu akatazama darasa zima, mikono imenyooshwa kila upande, akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa nimekaa juu ya mikono yangu.

"Huyu. Haongei, ataandika."

Alinipa daftari la kaunta jipya. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilichora mistari kwa rula, nikaandika vichwa kwa wino mwekundu.

Wiki ya dishi ilikuwa raha. Waya wake ulipita dirishani mwa stoo ya vitabu, na stoo ya vitabu hakuna anayekwenda isipokuwa mijusi. Asubuhi kumi na mbili, mchana kumi. Asubuhi kumi na moja, mchana tisa. Siku moja mchana ilishuka mpaka sita. Nilipotoka kutazama nikakuta kunguru amekaa kwenye mkono wa dishi anajichokonoa kwapa. Nikaandika sita. Sikumwandika kunguru, nikiona si jambo la kitaalamu.

Wiki ya laini kikasha kilihamia ofisi ya walimu. Hakuna aliyetaka iwe hivyo, ila mnara wa simu uko kilimani, na dirisha pekee la shule linalokitazama kilima hicho ni la ofisi ya walimu, lile la mwisho kabisa. Asubuhi ofisi inakuwa tupu, yupo mhudumu tu na fagio lake. Saa saba walimu wote wako ndani, wanakula.

Walimu kumi na wanne. Na hapa inabidi nimweleze mwalimu wetu wa Kiswahili. Ni mama wa makamo, mrefu, hachapi mtu, na hata siku moja sijamsikia akipaza sauti. Lakini alikuwa na sheria yake katika ofisi ile. Mwanafunzi akiingia na kusema "Shikamooni walimu" mara moja kwa wote, alikuwa anaweka kijiko chini.

"Shikamoo hainyunyizwi. Mimi si bustani. Rudi mlangoni, anza upya, kila mkubwa na yake."

Basi unarudi mlangoni, unaanza upya. Meza hadi meza. Na huyu anakuuliza nyumbani hawajambo, yule anakuuliza wewe mtoto wa nani, mwalimu wa historia, Mgogo wa huku huku, shikamoo haimtoshi mpaka umalizie na mbukwenyi, salamu ya kwao, na ukiitamka vibaya anakurudisha nayo. Kwa mwanafunzi mwingine ni dakika tatu za kucheka. Kwangu ilikuwa kama kupanda jukwaani mara kumi na nne.

Jumatatu niliingia. Nilijipanga. Nilifika salama mpaka meza ya nane, sauti yangu ikiwa inapungua kila meza kama betri. Zilizobaki nikazimaliza kwa kunong'ona, nikafika dirishani, nikabonyeza. Mshale ukaanza kucheza.

"Wewe binti," mwalimu wa Kiswahili akaita taratibu. "Umemruka mwalimu wa kilimo."

Ni kweli, nilimruka. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu.

"Amemruka kwa sababu nanuka mbolea," mwalimu wa kilimo akasema chini ya meza, na ofisi nzima ikacheka.

Hawakunicheka mimi. Najua hivyo sasa. Lakini masikio yaliniwaka, nikageuka, nikasema "Shikamoo" kwa mgongo wa yule mwalimu, nikatoka na daftari langu bila kuitazama namba. Nikaenda nyuma ya matundu ya choo cha wasichana, nikafungua ukurasa wenye mistari yangu mizuri. Asubuhi ilikuwa kumi na nne. Nikaandika mchana: kumi na tatu.

Jumanne sikuingia kabisa. Jumatano nilifika mlangoni, nikasikia vijiko, nikarudi. Alhamisi na Ijumaa hata mlangoni sikufika. Mwalimu wa kompyuta aliona namba zimejaa, akadhani napima akiwa ametoka kunawa. Na nikiri kila kitu: nilikuwa makini hata katika uongo. Siku moja niliandika kumi na mbili, siku nyingine kumi na moja nukta tano, ili zisifanane mno. Nilibadilisha hata kalamu.

Nyumbani nina daftari jingine, la kwangu. Nimelianza toka darasa la saba na halijasomwa na mtu. Humo niliandika ukweli kila jioni, kwa mazoea tu, bila kufikiri kwamba ukweli ule una kazi yoyote. Jumatano niliandika: "Leo tena sikuingia. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa anakula mlenda, unasikika mpaka nje. Shikamoo kumi na nne ni nyingi kuliko nilizonazo."

Wiki iliyofuata, Ijumaa, mtaalamu alirudi. Alifungua kaunta langu mbele ya darasa na uso wake ukafunguka.

"Tazameni. Laini, asubuhi kumi na nne, mchana kumi na tatu. Haishuki! Dishi linashuka mpaka sita, laini haishuki. Na hapa ni mjini, watu wengi. Kama huku inatosha, Chemba si ndiyo itatosha zaidi? Itatosha zaidi." Akafunga daftari. "Jumatano tunasaini. Laini, shule zote nne. Wiki mbili zijazo mnaanza."

Mwalimu wa kompyuta akanipigia makofi na darasa likafuata. Nilitazama vidole vyangu. Wino ulikuwa umeniganda kwenye kucha.

Nilijiambia labda kweli iko hivyo. Labda mchana nao ulikuwa kumi na tatu, nani ajuaye? Nililala na hilo siku mbili. Jumapili mchana simu ya mama ikaita, na kabla sijasema haloo mdogo wangu alikwisha kuanza.

"Dada! Umesikia? Tumepata mwalimu! Mkuu katangaza kwenye paredi, mimi nimelia, ujue mimi silii, nimelia mbele ya wavulana!"

"Nimesikia."

"Mbona sauti kama umemeza nzi? Furahi basi. Nimeambiwa na wewe upo kwenye mambo hayo, unapima sijui nini. Nimewaambia wenzangu, huyo dada yangu, haongei lakini kichwa anacho."

"Huko kwenu," nikasema, "saa saba mchana, mtandao ukoje?"

"Wa simu? Saa saba?" Akacheka. "Nipigie Alhamisi saa saba uone. Siku ya mnada. Wachuuzi wote wa ng'ombe wako hewani, huyu anaulizia bei Kondoa, huyu anaita lori, huyu anamdanganya mkewe. Mimi nikituma meseji saa saba inafika mama akiwa ameshaepua jungu la jioni. Lakini si wamesema wamepima? Kwa hiyo hii itakuwa na nguvu yake, eti?"

"Eti."

"Haya, nisalimie mama mkubwa. Mwambie muuguzi wake anakuja."

Nilibaki na simu mkononi. Mama alikuwa anachambua mchele uani, akaniuliza wanasemaje huko. Nikasema wanafurahi.

Nilifikiri sana siku ile, na sitadanganya tena kwa kusema nilifikiria wanafunzi wa shule zote nne. Nilimfikiria yeye. Nikisema ukweli, watapima upya, wakiona laini haifai wataagiza dishi, na dishi linachukua miezi, na ile fomu ya mtihani haimsubiri mtu. Nikinyamaza, wiki mbili zijazo atakaa mstari wa mbele, kama anavyokaa siku zote, atafungua daftari, na mwalimu wetu ataganda ukutani mdomo wazi. Kila Alhamisi. Na hakuna atakayejua kwa nini, maana daftari linasema kumi na tatu.

Jumatatu nilitia daftari langu la siri kwenye begi. Nilijua kabisa kwamba kwa mdomo sitaweza. Na mwalimu wa kompyuta angetaka kujua ni siku zipi za kweli na zipi za uongo, na hilo lilikuwa humo tu.

Ningeweza kumngoja asubuhi mlangoni, peke yake. Nilimngoja. Alikuja anaongea na simu, kengele ikagongwa. Saa nne alikuwa na mkuu wa shule. Ikafika saa saba.

Nilisimama mlangoni pa ofisi ya walimu nikasikia vijiko. Nikaingia.

Shikamoo. Marahaba, hujambo? Sijambo. Shikamoo. Marahaba. Shikamoo, mbukwenyi. Mwalimu wa historia akataka kunirudisha, akanitazama usoni, akaacha. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Nilipofika kwa mwalimu wa kilimo hakuwa ameinama, akaniitikia kwa kunyanyua mkono wote kama askari wa barabarani. Wa kumi na tatu alikuwa mwalimu wa Kiswahili mwenyewe.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja kamili."

Wa kumi na nne alikuwa mwalimu wa kompyuta, pale dirishani karibu na kikasha, na sahani ya wali maharage magotini. Nilimpa daftari nikiwa nimelifungua.

Alisoma huku anatafuna. Yeye ana tabia ya kusoma kwa sauti bila kujijua, hata mitihani anasoma hivyo. "'Leo tena sikuingia,'" akasoma. "'Mwalimu wa Kiswahili alikuwa anakula mlenda, unasikika mpaka...'"

Akanyamaza. Sijawahi kusikia watu kumi na wanne wakiacha kutafuna kwa wakati mmoja.

"Endelea," mwalimu wa Kiswahili akasema. "Mlenda wangu umefanyaje?"

"Si kitu, mama, ni mambo ya mtandao."

"Mtandao una mlenda? Lete."

Daftari langu, ambalo halijasomwa na mtu toka darasa la saba, likapita mkono hadi mkono mpaka meza yake. Akavaa miwani. Akasoma kimya, akafunua nyuma, Jumanne, Jumatatu, akarudi mbele. Nilikuwa natazama vigae vya sakafu. Kimoja kilikuwa na ufa wenye umbo la jani.

"Hizi namba za mchana za laini," akaniuliza, "hukupima?"

"Sikupima, mwalimu."

"Zote tano?"

"Zote."

"Kwa sababu ya salamu."

Nikatikisa kichwa kukubali, halafu nikalia. Si kilio kizuri, kilikuwa cha makamasi.

"Jamani mtoto wa watu," akasema mwalimu wa Kiswahili, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyejikwaa. "Yaani umeona heri uudanganye mkoa mzima kuliko kuniamkia mimi?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa fizikia alikuwa na tonge mkononi, akaliweka chini. "Na Jumatano wanasaini," akasema.

Mwalimu wa kompyuta hakunigombeza. Alisogeza sahani, akafungua kompyuta, akainuka kwenye kiti chake na kukigusa mara mbili. "Kaa. Bonyeza."

Nikabonyeza. Mshale ukapanda kidogo, ukatetemeka, ukalala.

"Soma."

"Moja nukta tatu," nikasema.

"Kwa sauti. Wengine hawajasikia."

"Moja nukta tatu!"

"Andika."

Mambo hayakuishia kwenye huruma. Mkuu wa shule aliniita, akaniandikisha barua kwa mtaalamu wa mradi kwa mkono wangu mwenyewe, nikieleza kila namba. Sikuandika habari za shikamoo. Niliandika "kwa uzembe wangu". Mtaalamu alikuja kesho yake na hakuongea haraka. Alisema, "Ningesaini," akarudia, "Ningesaini kesho." Akaahirisha. Safari hii kikasha kikapelekwa na Chemba pia, na adhabu yangu ikawa kupima upya kwa wiki mbili, kila saa saba, na kuitaja namba mbele ya ofisi nzima.

Siku ya kwanza ya adhabu nilipofika mlangoni, mwalimu wa Kiswahili alikuwa amekaa meza ya karibu na mlango. Meza yake iko katikati, kwa hiyo alikuwa amehama na sahani yake.

"Anza na mimi," akasema.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hawa wengine nimekupokelea. Nenda kapime."

Mwalimu wa historia akalalamika kwamba yeye hajatoa idhini ya kupokelewa. "Zako nitakupa jioni," mwalimu wa Kiswahili akamwambia, na akarudi kwenye chakula chake. Wanafunzi wengine aliendelea kuwarudisha mlangoni kama kawaida. Kwenye wiki ya pili niliacha kusubiri apokee, nikawa nawasalimia mwenyewe, wawili watatu, siku nyingine wote. Kufikia hapo walimu walikuwa wanabashiri namba kabla sijabonyeza. "Leo mawingu ya mvua, mbili!" "Leo mshahara umetoka, watu wote wako kwenye simu, nusu!" Mwalimu wa kilimo ndiye aliyepatia mara nyingi.

Chemba, Alhamisi, saa saba, kikasha cha laini hakikutoa namba kabisa. Ikaamuliwa dishi, shule zote nne. Litafika baada ya miezi mitatu.

Mdogo wangu alipiga simu jioni hiyo.

"Ni wewe?" akauliza. Hakuniita dada.

"Ni mimi."

"Miezi mitatu! Unajua kuna nini baada ya miezi mitatu? Kuna wiki nne tu kabla ya fomu! Kwa nini hukunyamaza? Au kwa nini hukupima toka mwanzo? Chagua moja!"

Alikata simu, na kwa mara ya kwanza maishani maneno yalimwishia yeye kabla yangu.

Hakuniandikia mwezi na nusu. Mimi niliandika. Nilikuwa nimejifunza jambo moja kwenye kaunta lile, kwamba asubuhi laini haina watu. Basi kila siku saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya kwenda shule, nilichukua simu ya mama nikapiga picha za daftari langu la fizikia, kila nilichofundishwa jana, kurasa tatu nne, nikazituma kwenye simu ya mama mdogo. Zilikuwa zinaondoka kwa mkupuo. Baada ya dakika chache zinakuja zile tiki mbili, zinageuka bluu. Hakuna jibu. Kesho yake natuma tena. Nilianza kuandika kwa mwandiko mkubwa na kuchora mizunguko ya umeme kwa rula. Fizikia yangu mwenyewe ikapanda bila mimi kukusudia.

Wiki ya saba likaja jibu moja, bila salamu: "Ukurasa wa tatu hausomeki. Mwandiko gani huu kama kuku wamekimbizwa."

Nililisoma mara nyingi. Halafu nikaupiga picha upya ukurasa wa tatu.

Madishi yalifika yakiwa yamechelewa siku tano. Kipindi cha kwanza kilipangwa Alhamisi, saa saba. Wiki tatu zilikuwa zimebaki kabla ya fomu, na mkuu wa Chemba alikuwa amekubali kuiacha fizikia kwa yeyote atakayefaulu jaribio la mwalimu wetu mwisho wa wiki hizo.

Darasa la kamera lilikuwa stoo ya vitabu, tumeifagia na mijusi wamehama. Mwalimu wa fizikia alivaa tai. Mimi nilikaa pembeni ya kompyuta na kaunta langu. Ukutani zikatokea sura za Chemba, arobaini hivi, wamebanana kwenye madawati, na mstari wa mbele kabisa, katikati, mdogo wangu na daftari limefunguliwa. Nje ya dirisha lao ng'ombe wa mnadani walikuwa wanalia.

"Shikamoo mwalimuuu!" wakasema kwa pamoja.

Sauti ya dishi huchelewa kidogo. Mwalimu aliitikia "Marahaba," ikasafiri, na wao kwa kutoisikia wakadhani hawajasikika, wakasema tena, na marahaba ya kwanza ikawakuta katikati ya shikamoo ya pili. Wakacheka. Nyuma yangu, mlangoni, nikasikia mtu anaguna. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amekuja kuchungulia, na sahani mkononi.

"Wananyunyiza," akasema kwa kunong'ona.

"Wako arobaini, mwalimu," nikamjibu. Kabla ya mwaka ule nisingemjibu.

Mwalimu wa fizikia akashika chaki. Ukutani mdogo wangu alinyoosha mkono, na bila kungoja akazungumza.

"Mwalimu, kabla hujaanza. Huyo dada yangu anayepima yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwambie asome namba kwanza. Kwa sauti."

Stoo nzima ikanigeukia. Masikio yaliwaka kama kawaida yake. Nikabonyeza, tukangoja mshale, Mkonze na Chemba pamoja.

"Tisa nukta mbili," nikasema.

Ikasafiri. Nilimwona akiwa bado ananisubiri, kisha nikaona imemfika. Aliandika kitu juu ya ukurasa wake, akachora mstari chini yake kwa rula.

"Haya mwalimu," akasema. "Anza."